Shilingi ya mwanafunzi inaishia wapi? Vyuo vidogo na uchumi wa Tengeru, Usa River na Mweka

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Katika vikao vya kata zetu huku Arumeru, kila linapotajwa suala la chuo, swali linaloulizwa ni moja: wanafunzi wangapi wataongezeka mwaka huu. Wakitajwa mia mbili watu hufurahi, wakitajwa mia tano furaha huzidi, na wenye viwanja huanza kuulizia bei ya tofali jioni hiyohiyo. Nimefanya kazi ya stoo na ununuzi katika chuo kimoja cha ukanda huu, nikipokea ankara za wazabuni na kusimamia mizigo inayoingia jikoni, na kwa niliyoyaona huko naomba kuleta hoja kwamba tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: shilingi inayoletwa hapa na chuo hupita katika mikono ya wenyeji wangapi kabla ya kuondoka?

Niweke mipaka ya mada. Sizungumzii Mlimani wala Dodoma, ambako chuo ni mji kamili. Nazungumzia vyuo vya mamia ya wanafunzi au elfu chache, vilivyo kando ya vijiji na miji midogo. Hapa Tengeru, ndani ya mwendo mfupi wa bodaboda, kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, chuo cha mifugo cha LITA, mafunzo ya mbogamboga na matunda, na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoanzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu. Ukiendelea na barabara ya Moshi unakutana na Makumira, Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato na kituo cha mafunzo cha MS TCDC, vyote vikiwa jirani na Usa River. Upande wa pili wa jiji la Arusha, kwenye miteremko ya Meru, kuna chuo cha misitu cha Olmotonyi kilichoanza mwaka 1937, na juu ya Moshi kuna Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963. Ni maeneo machache nchini yaliyobeba vyuo vingi vidogo kwa ukaribu kama huu, na ndiyo sababu naona tuna wajibu wa kulijua jambo hili vizuri kuliko wengine.

Wachumi wana njia ya kulihesabu. Mwaka 1971, John Caffrey na Herbert Isaacs wa Marekani waliandaa kanuni za kukadiria athari ya chuo kwa biashara za mahali kilipo, kwa serikali ya mahali hapo na kwa watu binafsi. Msingi wake hauhitaji shahada kuuelewa. Unafuatilia fedha ambazo chuo chenyewe hutumia kununua bidhaa na huduma, mishahara inayotumiwa na wafanyakazi, matumizi ya wanafunzi, na matumizi ya wageni wanaokuja kwa sababu ya chuo, kama wazazi siku ya mahafali. Kisha unauliza ni kiasi gani cha fedha hizo kinatumika ndani ya eneo, na aliyekipokea anatumia tena kiasi gani hapohapo.

Hesabu nyingi za aina hii huharibika kwa kupenda makubwa. Mwaka 2007 wachumi watatu wa Marekani, John Siegfried, Allen Sanderson na Peter McHenry, walichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya mia moja za athari za vyuo, wakaonyesha kwamba nyingi hukuza faida kwa kuhesabu fedha zilezile mara mbili na kwa kutouliza kama fedha hizo zingekuwapo hata bila chuo. Kijana wa Maji ya Chai anayesoma Tengeru na kulala kwao hajaleta fedha mpya. Chai na chapati anazonunua karibu na chuo angezinunua karibu na nyumbani. Kijana wa Kigoma au wa Lindi ameleta fedha ambazo zisingefika Arumeru kwa njia nyingine. Kuna pia kundi la katikati tunalolisahau, yaani watoto wa hapa ambao, kama chuo kisingekuwapo, wangekwenda kusoma Dodoma au Dar es Salaam na kupeleka huko ada na matumizi yao. Chuo kinachowafanya wabaki kimeokoa fedha ya mkoa, ingawa faida hiyo haionekani sokoni.

Ada nayo isitudanganye. Katika chuo cha umma mwanafunzi hulipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, na fedha hiyo huingia katika mfumo wa Serikali bila kugusa meza ya mfanyabiashara yeyote wa Tengeru. Inarudi baadaye kwa njia ya bajeti, na hapo ndipo inaweza kununua maziwa ya mtu. Mishahara ya wahadhiri wanaolala Njiro huishia Njiro. Kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa majirani wa chuo ni mambo mawili makubwa, anachotumia mwanafunzi kwa mkono wake na anachonunua chuo kwa ajili ya jiko, majengo na ofisi.

Tuweke tarakimu za mfano ili tuelewane. Tuchukue chuo chenye wanafunzi 600 waliotoka nje ya eneo, kila mmoja akitumia sh. 10,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo. Nimechagua kiwango hicho kwa sababu ndicho ambacho Bodi ya Mikopo humkadiria mnufaika wa shahada kwa chakula na malazi, baada ya kupandishwa kutoka sh. 8,500. Hiyo ni sh. bilioni 1.44 kwa mwaka. Sasa, kama kila anayepokea fedha hiyo hutumia tena humu ndani asilimia 20 tu, na anayefuata vivyo hivyo, mzunguko wote wa mauzo utafikia bilioni 1.8. Ikiwa kinachotumika tena humu ni asilimia 40, mzunguko unafika bilioni 2.4. Tofauti ni milioni 600, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeongezwa. Ukitaka kuipata tofauti hiyohiyo kwa kuongeza udahili huku uvujaji, yaani fedha inayotoka nje ya eneo, ukibaki vilevile, unahitaji wanafunzi 200 zaidi, pamoja na vyumba vyao, maji yao na vyoo vyao. Nasisitiza kwamba hayo ni mauzo na hayapaswi kusomwa kama faida, lakini uwiano ndio ninaotaka tuuone.

Nije sasa mahali ninapopajua, yaani mlango wa stoo.

Jiko la chuo halina bidhaa za ajabu. Ni unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, nyama, maziwa, ndizi, viazi, kabichi, nyanya, vitunguu na kuni au gesi. Baadhi ya hivi havilimwi hapa kwa wingi wa kutosha na hakuna ubaya kuvileta: mchele wa Magugu, mahindi yaliyopitia Kibaigwa, vitunguu vya Mang'ola. Kinachoniuma ni vile vinavyolimwa hapa. Soko la Tengeru hujaa kila Jumatano na Jumamosi kwa ndizi, mboga na parachichi za miteremko ya Meru, na nyanya za Ngarenanyuki hushuka kwa malori. Mchuuzi hununua pale, hupeleka Kilombero mjini, mzabuni wa chuo hununua Kilombero, kisha gari hurudi Tengeru na kabichi ileile ikiwa na bei ya mjini. Nimesaini mara nyingi hati ya kupokea mali kwa mboga ambazo mkulima wake angeweza kuzisogeza kwa mkokoteni.

Watu wakilisikia hili husema ni rushwa. Inaweza kuwapo mahali fulani, lakini mimi naamini sababu kubwa ni ya kawaida zaidi na kwa hiyo inatibika. Chuo kinahitaji risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na mkulima hana mashine. Chuo kinahitaji uhakika kwamba kabichi zitafika kila wiki, ziwe zimeota au hazijaota. Na zaidi ya yote, chuo huchelewa kulipa. Fedha huingia kwa mafungu, ankara hupanga foleni, na mzabuni anaweza kusubiri miezi miwili au mitatu. Mwenye duka kubwa mjini anasubiri kwa sababu ana mtaji, na gharama ya kusubiri ameshaiweka kwenye bei. Mama mwenye ng'ombe wawili hawezi, kwa sababu pumba za kesho zinanunuliwa kwa maziwa ya leo. Kwa hiyo tenda ya chuo huenda kwa mwenye uvumilivu wa fedha, na mwenye maziwa bora hubaki nje. Tunaweza kulima vizuri kadiri tutakavyo. Kama hatujaziba pengo hilo la kusubiri malipo, chakula cha chuo kitaendelea kununuliwa mjini.

Upande wa matumizi ya mwanafunzi hali ni nzuri zaidi, na hapa nawapongeza mama lishe bila kusita. Sahani ya ndizi na maharage inayouzwa nje ya geti ina ndizi ya Meru, mkaa au kuni za hapa, na kazi ya mikono ya mtu anayelala hapa. Sehemu kubwa ya fedha yake inabaki kwetu. Chipsi mayai nazo si haba, ingawa mafuta yametoka mbali. Simu, vocha, nguo za mtumba na steshenari huacha faida ndogo ya muuzaji tu, kwa kuwa bei ya jumla inakwenda nje. Kwenye vyumba inategemea mwenye nyumba ni nani. Kodi inayolipwa kwa mjane mwenye vyumba vinne nyuma ya nyumba yake hurudi sokoni wiki hiyohiyo. Kodi ya hosteli ya mwekezaji anayeishi jiji jingine huondoka kwa simu usiku huohuo.

Jambo moja huwa tunalikosea. Tunazungumzia boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, kana kwamba kila mwanafunzi analipata. Katika vyuo vya cheti na stashahada wengi hawana mkopo. Mikopo ya stashahada ilianza mwaka 2023/24 tena kwa fani maalumu. Wengi hutumiwa na wazazi elfu ishirini leo, elfu thelathini wiki ijayo. Fedha ya namna hiyo ni ndogo lakini haikatiki ghafla, na biashara ndogo huipenda kuliko laki sita zinazoingia mara moja na kuyeyuka ndani ya wiki mbili.

Wenye shaka juu ya uzito wa yote haya wakumbuke mwaka 2020. Vyuo vilifungwa Machi 18 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni Mosi. Kwa muda ule mfupi, wauza chakula, wenye bodaboda, mawakala wa fedha na wenye vyumba karibu na mageti walijua chuo kinawabeba kiasi gani. Walioumia kidogo ni waliokuwa na wateja wengine pia, na jambo hilo nalo lina somo kwa anayetaka kuweka kila alichonacho katika vyumba vya wanafunzi.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wenyeji wa Moshi.

Mpangishaji, Usa River:

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na sehemu kubwa nakubali, lakini kwa sisi tuliojenga kwa mkopo wa benki idadi ndiyo kila kitu. Chumba kisipopata mtu Oktoba, hakipati hadi muhula mwingine, na benki haiulizi shilingi imepita mikono mingapi. Ukiwaambia viongozi wasihangaike na udahili, unatuumiza.

Mleta uzi:

Kaka, hoja yako ni ya haki. Sisemi udahili upuuzwe, nasema usiwe kipimo pekee. Tena nikukumbushe kwamba ujenzi wako wenyewe ulikuwa faida kubwa kwa eneo, ingawa ya muda: saruji na bati vilitoka mbali, lakini mchanga, kokoto, mafundi na vibarua walikuwa wa hapa. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umekuwa ukijenga katika vyuo vingi vya umma nchini, na ni vyema majirani wa vyuo hivyo wakauliza mapema mkandarasi atachukua wapi vibarua na chakula chao, kwa sababu majengo yakikamilika nafasi hiyo hairudi.

Naongeza upande wa gharama ambao sikuugusa. Vyumba vyenu vinapopanda bei, muuguzi wa zahanati na mwalimu wa shule ya msingi nao hulipa bei hiyohiyo, ilhali mishahara yao haikupanda. Mifereji iliyokuwa ikimwagilia migomba hugawana maji na matenki ya hosteli. Na kila kiwanja cha vyumba kilikuwa shamba la ndizi na kahawa, jambo ambalo wenzetu Wachaga wanalijua kwa uchungu wanapokigawa kihamba, shamba la urithi la ukoo. Hesabu ya faida isiyoondoa gharama hizi haijakamilika.

Mhitimu wa Mweka:

Salaam. Mimi ni wa Kibosho na nimesoma Mweka. Mnapozungumzia fedha mpya, kumbukeni chuo hiki kilitokana na Tamko la Arusha la Septemba 1961, pale Mwalimu Nyerere alipoahidi kwamba nchi itahifadhi wanyamapori na kuomba wataalamu. Tangu mwanzo kikawa cha Afrika na si cha Kilimanjaro tu. Nimesoma na wenzangu wa mataifa kadhaa. Hiyo ni fedha ya kigeni inayofika kijijini. Lakini kijiji chenyewe hakijabadilika kama ambavyo ungetarajia kwa chuo cha zaidi ya miaka sitini.

Mleta uzi:

Ahsante sana, maana Mweka ndiyo mfano bora wa hoja yangu, na nilitamani mtu wa huko aulete.

Mweka ina mageti mawili. Lipo la chuo na lipo la mlima, kwa kuwa wanaopanda Kilimanjaro kwa Machame, Lemosho na Umbwe hushukia pale. Mtalii anayeshuka amelipa dola nyingi, lakini ada ya hifadhi huenda serikalini, malipo ya safari yamebaki kwa kampuni ya Moshi, Arusha au ya nje, na yeye mwenyewe hufika langoni amechoka, husaini kitabu, hupokea cheti na kupanda gari kuelekea hotelini mjini. Muda wake kijijini ni saa moja au mbili. Mwanafunzi ana fedha kidogo sana ukimlinganisha na mtalii, ila anakaa miezi mingi, ananyoa nywele, anafua, anakula, anasali, anaugua na kutibiwa hapohapo. Kwa kijiji, naamini wanafunzi mia moja wanaoishi pale wana uzito kuliko msururu wa magari ya watalii unaopita kila adhuhuri, na ningependa uongozi wa kijiji uhangaikie wanafunzi angalau kama unavyohangaikia lango.

Kwa nini basi kijiji hakijabadilika? Pale ambapo chuo ni cha bweni, na wanafunzi wengi hulala na kula ndani, mkono wa mwanafunzi haugusi sana soko la nje. Hata masomo ya vitendo, kwa fani kama hiyo, humpeleka Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, na posho ya safari hutumika huko. Katika chuo cha namna hiyo, mlango pekee mpana wa fedha kutoka kwenda kwa majirani ni jiko na stoo. Ukiwa umefungwa kwa sababu nilizozieleza, kijiji kitabaki na mwangwi wa chuo miaka sitini mingine. Chuo kidogo cha bweni chenye ununuzi wa mbali kinaweza kuwa jirani mwema asiyekuachia chochote.

Mkulima, Nkoaranga:

Nawasikiliza mnahesabu sahani za ndizi. Mimi naona faida kubwa imeachwa nyuma. Mbegu ya nyanya ya Tengeru 97 tumeilima miaka mingi, na imezaliwa hapahapa. Hiyo si faida ya chuo?

Mleta uzi:

Mzee wangu, umenisahihisha uzito wa mada na nashukuru. Tengeru 97 na mwenzake Tanya ziliidhinishwa mwaka 1997, matunda ya kazi ya kituo cha mbogamboga cha Tengeru, ambacho hufanya utafiti na mafunzo, pamoja na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho nacho kiko hapa Tengeru. Tengeru 97 inahimili minyoo fundo ya mizizi, ugonjwa ambao bila mbegu stahimilivu humfanya mkulima mdogo aachane na nyanya au atumie dawa asizozimudu. Thamani ya mbegu ile haimo katika hesabu yangu ya bilioni 1.8 wala 2.4, na yawezekana inazizidi zote mbili.

Mfano wa pili ni maji. Kila mtu wa Meru anajua meno ya kahawia yatokanayo na floraidi katika maji ya miteremko hii. Mwaka 2015, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa kichujio cha maji kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali, floraidi ikiwamo. Taasisi yenye wanafunzi wachache kuliko shule nyingi za sekondari za kata ilitoa suluhisho kwa tatizo la jirani yake.

Wapo waliolipima jambo hili kwa upana. Anna Valero na John Van Reenen walichunguza takribani vyuo vikuu 15,000 katika nchi 78 na kukuta kwamba ongezeko la asilimia 10 la idadi ya vyuo vikuu katika eneo huambatana na ongezeko la takribani asilimia 0.4 la pato la kila mtu katika eneo hilo, na kwamba matumizi ya fedha ya vyuo peke yake hayatoshi kulieleza. Ujuzi na uvumbuzi vina sehemu kubwa. Ila hapa pia kuna uvujaji, na ni wa watu. Mtaalamu wa mifugo aliyefunzwa Tengeru ataajiriwa Simiyu au Katavi, na ni haki ya nchi nzima kumpata. Kinachobaki kwetu ni kile ambacho chuo kinafanya kikiwa hapa: mwanafunzi wa mifugo akifanya mazoezi kwenye zizi la mzee wa Nkoaranga, mwanafunzi wa maendeleo ya jamii akikisaidia kikundi kuandika katiba na daftari la hesabu. Mazoezi ya vitendo yanaweza kufanyika popote. Ningependa kata zetu ziyaombe kwa barua, badala ya kusubiri chuo kikumbuke.

Mama wa kikundi, Poli:

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wafugaji. Tumesoma uzi huu kwenye simu ya binti yangu. Tuna maziwa, mayai na mboga. Tuambie tufanye nini, maana tulishawahi kwenda chuo kimoja tukaambiwa tusubiri tangazo, na tangazo hatukuliona.

Mleta uzi:

Shikamoo mama. Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Tangazo hamkuliona kwa sababu ununuzi wa taasisi za umma sasa hupita katika mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023, na matangazo yapo humo, hayapo tena ukutani. Sheria inataka taasisi hizo zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nafasi hiyo ni yenu, lakini haiwezi kuwatafuta nyumbani. Anzeni kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ili kikundi kiwe na usajili wa halmashauri, akaunti ya benki na namba ya mlipakodi. Mwombeni awasaidie kuingia NeST. Msilipe mtu wa mtaani kwa kazi hiyo.

Kuhusu kusubiri malipo, msijaribu kubeba mzigo huo kila mmoja peke yake. Uchaga na Umeru vimejengwa na ushirika: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilisajiliwa mwaka 1933 ili wakulima wauze kahawa yao kwa pamoja, na Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho sasa ni chuo kikuu, kilifunguliwa mwaka 1963 juu ya msingi huo. Akina mama wa Nronga kule Machame walianzisha ushirika wao wa maziwa miaka ya 1980 na wakawa wanauza hadi mashuleni. Nanyi mnaweza kukubaliana na SACCOS yenu, yaani chama cha kuweka na kukopa, kwamba, mkionyesha hati ya kupokea mali iliyosainiwa na stoo ya chuo, iwalipe sehemu ya fedha siku zilezile, kisha ijirudishie chuo kikilipa. Riba ndogo mtakayokatwa ni nafuu kuliko bei ya mchuuzi. Halmashauri nayo ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Ombeni huo kwa ajili ya mtaji wa kusubiria, kwani wengi huuomba kwa kununua ng'ombe wa nyongeza na kujikuta na maziwa mengi zaidi yasiyo na mnunuzi.

Msianze na bidhaa zote. Anzeni na maziwa au mayai, bidhaa ambayo mna uhakika nayo kila siku ya juma hata wakati wa kiangazi, kwa sababu stoo ikikosa maziwa mara mbili itamrudia mzabuni wa mjini na haitawasikiliza tena kwa urahisi. Andikeni mnachoweza kutoa kwa wiki, mpunguze kidogo, na mpeleke karatasi hiyo kwa ofisa ununuzi wa chuo kilicho karibu nanyi. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi na mpango wa ununuzi huandaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo nendeni mwezi wa tatu au wa nne. Mkitaka, nitumieni ujumbe wa faragha kabla hamjakwenda, niwasaidie kuipitia hiyo karatasi.